Mtoko wa Familia Dar es Salaam Bila Kiingilio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Likizo ya shule ikianza, wazazi wa jiji hili huulizana maswali yaleyale. Watoto wako nyumbani, wanagombania rimoti, hela imeishia kwenye ada na sare, na hakuna anayejua awapeleke wapi. Majibu haya ni kwa mzazi, mlezi, shangazi au kaka mkubwa anayetaka kutoka na watoto Dar es Salaam bila kulipa getini. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mtoko wa bure huharibika watu wanapotaka kuona kila kitu siku moja. Chagueni mahali pamoja, fikeni mapema, na mkae hapo mpaka watoto wapate muda wa kutazama.

Hivi kweli Dar bado kuna sehemu ambazo hazina kiingilio?

Zipo, tena nyingi kuliko tunavyodhani. Ufukwe wa Coco Beach hauna geti. Barabara ya Kivukoni na mitaa ya Posta haina geti. Njia ya waenda kwa miguu kwenye Daraja la Tanzanite ni ya kila mtu. Mafundi wa vinyago Mwenge na wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay wanafanya kazi mbele ya macho ya wapita njia. Soko la samaki la Feri liko wazi tangu alfajiri. Kinachotuponza ni kwamba tumezoea kuiita sehemu "ya watoto" pale tu inapokuwa na mabembea na tiketi.

Kama ni bure, kwa nini tukirudi nyumbani pochi huwa tupu?

Kwa sababu ya nauli, kiu na vishawishi. Familia ya watu watano ikipanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, hapo tayari pana hesabu ya kutosha. Ndiyo maana nashauri mchague mahali panapofikika kwa gari moja kutoka kwenu, hata kama pengine panasifiwa zaidi. Mtoto mdogo unaweza kumpakata asihesabiwe kiti, ila kubalianeni na konda kabla gari halijaondoka.

Kiu ndiyo inayokula hela bila kelele. Maji ya chupa, juisi, lambalamba, kisha maji tena. Bebeni maji ya kutosha kutoka nyumbani, zaidi ya mnavyofikiri mtahitaji. Nusu yake yagandisheni usiku kwenye friji ya nyumbani au ya jirani, yatayeyuka taratibu njiani na mtakunywa ya baridi hadi mchana.

Kuhusu vishawishi, dawa ni kusema mapema. Waambie watoto kabla ya kutoka mlangoni: leo kila mmoja atapata kitu kimoja cha kununua, atachagua mwenyewe, na akishachagua ndiyo basi. Mtoto aliyepewa uamuzi huo huzunguka nao kichwani siku nzima, akilinganisha ubuyu na mahindi ya kuchoma, na hilo pekee linamchangamsha. Mtoto ambaye hakuambiwa lolote atalilia kila anachokiona.

Hatujawahi kutoka na watoto. Tuanzie wapi?

Anzieni katikati ya jiji, Jumapili asubuhi. Siku hiyo magari ni machache Posta, mitaa inapumua, na mtoto anaweza kuinua kichwa kutazama majengo bila wewe kumvuta mkono kila dakika. Anayekaa upande wa Kimara, Ubungo au Magomeni atapanda mwendokasi mpaka kituo cha mwisho cha Kivukoni. Hapo bahari iko mbele yenu.

Tembeeni taratibu kuelekea mjini mkiwa na bandari kushoto kwenu. Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba, kwa hiyo meli kubwa ikiingia hupita karibu mno na nchi kavu. Mtoto aliyezoea kuziona meli kwenye katuni hushtuka akiona moja imebeba makontena yaliyopangwa kama matofali, inasogea kimya kupita mitumbwi ya wavuvi. Tafuteni kivuli, kaeni, muisubiri. Hapo panatosha nusu saa.

Mkiendelea mtaliona Kanisa la Azania Front, lenye vigae vyekundu na mnara wake, lililoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1898. Mbele yake kidogo ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Waulize watoto lipi wanaliona refu zaidi, wabishane wenyewe.

Kisha pandeni Mtaa wa Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na kabla yake palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Chini ya askari yule kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yale ya Kiswahili yanawataja hata wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya majeshi. Mpe mtoto anayejua kusoma ayasome kwa sauti, kisha umweleze wapagazi walikuwa nani: watu wa vijiji vyetu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyo yao, na wengi hawakurudi. Watoto hulielewa jambo hilo kuliko tunavyotegemea. Sanamu iko katikati ya mzunguko wa barabara, basi vukeni mmeshikana mikono, na kama magari ni mengi isomeni siku nyingine.

Wenye nguvu bado wataendelea na Samora hadi Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji Desemba 1961, na wafike Mnazi Mmoja kwenye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Hapo simulieni habari ya Alexander Nyirenda, aliyepandisha mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro usiku wa Uhuru. Wenye watoto wadogo waishie Askari, inatosha.

Soko la samaki la Feri panafaa watoto kweli? Si ni uchafu na vurugu?

Panafaa kuanzia umri ambao mtoto anaweza kutembea mwenyewe bila kubebwa. Nendeni asubuhi, mnada ukiwa umechangamka na jua halijakolea. Vaeni viatu vya kufunika vidole vyenye soli isiyoteleza, maana sakafu ina maji na magamba muda wote.

Simameni pembeni ya mnada, msizibe njia ya wachukuzi. Dalali anataja bei kwa kasi ambayo mtoto haifuati mwanzoni, na baada ya muda anaanza kuishika: anajua nani ameongeza dau kwa kutikisa kichwa tu. Kwenye meza mtawakuta changu, kolekole, vibua, jodari, taa mwenye mkia mrefu, na pweza anayepigwa chini ili alainike. Mwombe muuzaji kwa heshima mtoto amguse pweza. "Shikamoo baba, samahani, mwanangu anaomba kuona zile pete za pweza." Mara nyingi atanyanyua mkono mmoja wa pweza, aonyeshe zile duara ndogo zinavyong'ang'ania ngozi, na atamweleza mtoto zaidi ya ninavyoweza kuandika hapa. Fanyeni hivyo akiwa hana mteja.

Harufu ipo. Mtoto akilalamika, mpe dakika chache. Akiendelea kulalamika, mtoe, kwa sababu kumlazimisha hakusaidii kitu.

Pantoni ya kwenda Kigamboni inahesabika kuwa bure?

Hapana, ina nauli, ila ni ndogo na safari yenyewe watoto huipenda. Kama mna hela ya ziada kidogo, vukeni na kurudi. Asubuhi ya siku za kazi epukeni, msongamano wa watu wanaowahi kazini si wa kupitisha na watoto. Shuka na ingia umewashika mkono, na msisimame mbele ya magari yanayosubiri kutoka.

Coco Beach ni lini panapendeza zaidi?

Jibu linategemea unataka nini, na linategemea maji.

Wengi huenda Jumapili jioni, na kama mnataka shamrashamra huo ndio wakati wake: muhogo wa kukaanga na pilipili, mishikaki, madafu, muziki, mpira kwenye mchanga, watu hadi maji yanapoishia. Kwa watoto chini ya miaka saba naona ni wakati mbaya. Hawaonekani katika umati, na kila hatua wanaona puto, tairi la kukodi na koni ya aiskrimu.

Mimi nawashauri wazazi waende asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika hamsini. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne asubuhi hivi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: asubuhi ndiyo maji yamejaa, ila hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa hiyo mtu asiye na ratiba ya maji anaweza kutazama mwezi usiku uliotangulia, akajua kesho atakuta nini. Wafundisheni watoto hesabu hii. Wazee wa pwani walipangia uvuvi wao kwa kuutazama mwezi, na mtoto wa Dar akiijua anakuwa amepewa kitu ambacho shuleni hakimo.

Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kupwa na kujaa huzidi mita tatu, hivyo mawe ya matumbawe ambayo jioni yamefunikwa kabisa, asubuhi yanabaki wazi na vidimbwi katikati yake. Hapo ndipo penye mtoko wenyewe. Chuchumaeni kwenye kidimbwi kimoja msisogee. Mwanzo hamtaona kitu. Baada ya dakika mbili tatu samaki wadogo wanatoka chini ya jiwe, kaa anajongea upande upande, na konokono mmoja anaanza kutembea haraka kuliko konokono anavyoweza. Mnyanyue: ndani ya gamba kuna kaa aliyejihifadhi, anajivuta ndani akigusa hewa. Muweke kwenye kiganja cha mtoto, mwambieni atulie kabisa ahesabu polepole hadi thelathini. Zitatoka kwanza ndevu, kisha macho yaliyo kwenye vijiti, kisha miguu, na mtoto atapiga kelele na kaa atarudi ndani. Rudieni.

Mnaweza kukuta pia kiti cha pweza, yule kiumbe mwenye umbo la nyota, na jongoo bahari. Sheria ni moja: kila kilichotoka majini kinarudi pale pale kilipotolewa, na magamba matupu yanabaki, kwa sababu yule kaa akikua atahitaji nyumba kubwa zaidi. Vaeni viatu, maana kuna viumbe wenye miiba mieusi na mawe yanayokata. Na maji yakianza kurudi, tokeni mara moja. Hurudi kwa kuzunguka nyuma yenu kwanza, kwenye mifereji ya chini, kabla hayajafika mliposimama.

Watoto wanaweza kuogelea hapo?

Kuchezea maji ya magotini, mtu mzima akiwa ndani ya maji pamoja nao, ndiyo. Zaidi ya hapo siwashauri. Mawimbi ya Coco yana nguvu maji yakijaa, hasa kipindi cha kusi, na chini kuna mawe. Tairi la kukodi halimfanyi mtoto kuwa salama: upepo unalisukuma na mtoto asiyejua kuogelea anajikuta mbali. Simu iwe mfukoni. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyoona kwenye sinema, huwa kimya, na watu wanaweza kuwa wamesimama hatua chache wasijue.

Kama mko watu wazima wawili, gawaneni: mmoja anatazama maji tu, mwingine ashughulike na chakula na mizigo. Halafu mbadilishane.

Hoteli za ufukweni hutuzuia kupita. Wana haki?

Geti lao, viti vyao na bwawa lao ni vyao, na wanaweza kuweka kiingilio au kiwango cha chini cha kununua. Bahari si yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wavuvi na wapita njia wameutumia mchanga huo tangu enzi. Pamoja na hayo, mkiwa na watoto si wakati wa kubishana na mlinzi ambaye naye ametumwa. Ingieni kwa njia za wazi, tembeeni kwenye mchanga uliolowa, msikalie vitanda vya watu. Nafasi hizi zinabaki za umma pale tu umma unapozitumia na kuziacha safi, ndiyo maana naona kila familia inayoenda ufukweni na mfuko wa kukusanyia taka zake inatutetea sote.

Mwanangu anaogopa bahari, au tumeichoka. Kuna nini kingine?

Nendeni mkaone watu wakifanya kazi kwa mikono.

Kule Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, kuna ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Jina limetokana na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za kupakia baiskeli na milango, juu ya vipande vya mbao za kubonyezwa. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, na ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza kazi hadi leo. Wachoraji huketi sakafuni au kwenye viti vifupi. Mtoto atazame brashi: mchoraji anaweka duara jeupe, ndani yake la njano, ndani yake nukta nyeusi, na ghafla chui ana jicho. Kutazama hakulipiwi. Salimieni kwanza, msiguse picha mbichi, na mkirudi nyumbani wapeni watoto kadibodi na rangi yoyote waliyonayo.

Mwenge ni vinyago. Mwombe fundi amwonyeshe mtoto gogo la mpingo ambalo halijachongwa: nje lina ubao mweupe, ndani ni jeusi tititi, na kipande chake kikitupwa kwenye ndoo ya maji huzama. Mtoto aliyefundishwa kwamba mti huelea atataka kurudia jaribio hilo siku nzima. Wauzaji watawaita mnunue. Semeni kwa upole, "Leo tumekuja kuangalia, Mungu akijalia tutarudi," wataelewa.

Kuna pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, ambako chuo kilihamia mwaka 1964. Ni eneo pana lenye miti na vilima, na ngedere ni wengi. Mwonyesheni mtoto Ukumbi wa Nkrumah, ule uliokuwa kwenye noti ya shilingi mia tano, na kama nyumbani mmebakiwa na noti ya zamani ibebeni mlinganishe. Nendeni mwisho wa wiki, semeni na walinzi getini kama wakiwauliza, na msipite karibu na madarasa yenye watu. Ngedere msiwape chakula. Akishazoea kupewa hunyang'anya, na anayenyang'anywa huwa ni mtoto mdogo kuliko wote.

Daraja la Tanzanite linafaa kutembea na watoto?

Linafaa sana, saa kumi na moja jioni au alfajiri. Lilifunguliwa mwaka 2022, lina urefu wa zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, na pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu. Upande mmoja mnaona bahari, upande wa pili mikoko ya mdomo wa Mto Msimbazi na ndege weupe waliotua. Mtoto awe upande wa ukingo, mkubwa upande wa magari. Kwa mtoto wa miaka mitano kwenda na kurudi ni safari ya kujivunia. Beba kofia, kivuli hakuna kabisa.

Makumbusho ya Taifa, Kijiji cha Makumbusho, Bongoyo, Mbudya, magofu ya Kunduchi?

Vyote vina ada. Kwa raia si kubwa kama ya wageni, na Makumbusho ya Taifa kwenye Mtaa wa Shaaban Robert yanastahili kuwekewa akiba, kwa sababu ndipo panaposimuliwa habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Visiwa vinahitaji na boti. Wekeni kwenye mpango wa mwaka.

Na "mall"?

Kuingia ni bure na kuna kiyoyozi. Lakini kila kitu mle kimewekwa ili mtoto akitake, na wewe utashinda unasema hapana. Siipendekezi, isipokuwa mvua imewakuta njiani.

Tunakaa mbali: Chanika, Mbagala Rangi Tatu, Bunju. Kuja mjini ni siku nzima.

Basi msije. Fungasheni mwende kwa ndugu. Mtoko wa asili wa familia zetu ni kumtembelea bibi, mjomba au shangazi mwenye uwanja na mwembe, na watoto wa jiji la leo wanaukosa. Pigeni simu siku mbili kabla, msifike mikono mitupu (kilo ya sukari au fungu la mboga linatosha), na watoto wapewe kazi halisi: kuchota maji, kuchambua mchicha, kukamata kuku. Jioni nendeni mkatazame mpira wa mchangani mtaani. Kila kata ina uwanja wenye timu, mashabiki na mwamuzi anayezomewa, na hakuna kiingilio.

Tubebe chakula gani?

Kisichoharibika na kisichohitaji sahani. Chapati zilizoviringishwa, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, mayai, maandazi, ndizi mbivu, machungwa. Acheni wali wa nazi nyumbani, kwenye joto la Dar huchacha kabla ya saa saba. Bebeni kitambaa kilicholowa kwenye kopo lenye mfuniko kwa ajili ya mikono.

Vyoo je?

Hili ndilo linalowakwaza akina mama kuliko lolote, na wanastahili kuliuliza bila aibu. Vyoo vingi vya mjini ni vya kulipia, kwa hiyo wekeni sarafu kwenye mfuko wa pekee. Vituo vya mafuta, misikiti na makanisa mara nyingi huruhusu mtoto ukiomba vizuri. Kila mkifika mahali, kabla ya yote, ulizieni choo kiko wapi. Mtoto asisubiri hadi abanwe.

Mtoto akipotea katika umati tufanye nini?

Mjiandae kabla. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono wa mtoto, upande wa ndani. Mfundishe jina lako kamili, maana "mama" na "baba" haviwezi kutangazwa. Mpige picha asubuhi kabla ya kutoka, ili ukiulizwa amevaa nini usianze kukumbuka. Wekeni alama ya kukutania, mti fulani au kibanda fulani, na mwambie: ukiona hatupo, simama hapo, usitutafute. Akihitaji msaada amfuate mama mwenye watoto au muuzaji aliyekaa kwenye meza yake.

Akipotea, mtu mzima mmoja abaki pale pale na mwingine azunguke. Kama ni ufukweni, anzeni kutazama majini. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na namba ya huduma kwa mtoto ni 116, hailipiwi.

Sikukuu za Idi na Krismasi twende wapi?

Msiende kwenye kumbi zilizojazwa watoto. Polisi hupiga marufuku disko toto kila sikukuu na wana sababu: Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wengi walikufa kwa kukosa hewa ukumbini Tabora. Nendeni mahali pa wazi, asubuhi, na muwe mmerudi kabla ya umati wa jioni. Tarehe 9 Desemba na sherehe nyingine za kitaifa zikifanyika Dar, uwanjani hakuna kiingilio, na gwaride ni kitu ambacho watoto hawasahau. Inabidi kufika alfajiri.

Kipindi gani cha mwaka ni kizuri?

Kipupwe, Juni hadi Agosti: jua si kali na mvua ni haba, na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humo. Masika, Machi hadi Mei, bakini karibu na nyumbani, barabara ya bonde la Jangwani inapojaa maji hakuna anayejua atarudi saa ngapi. Desemba na Januari tokeni alfajiri, mrudi kabla ya saa tano.

Mwanangu anatumia kiti mwendo.

Daraja la Tanzanite na barabara za kampasi ya Mlimani ni laini. Vituo vya mwendokasi vina njia za mteremko na basi liko usawa wa kituo, ila epukeni saa za watu kwenda na kutoka kazini. Ufukweni mchanga mkavu unameza magurudumu, lakini maji yakikupwa ule uliolowa huwa mgumu na kiti kinapita. Tangulieni mtu mmoja kuangalia njia ya kuingilia ili mtoto asifike akaambiwa asubiri.

Wakubwa wa miaka 13 na kuendelea hawataki kuja.

Wape madaraka. Mmoja ashike nauli na kuongea na konda, mwingine apige picha za siku nzima. Kijana aliyepewa bajeti ya kulinda huwa mkali kuliko mzazi. Ila waonye: hakuna kupiga picha Ikulu, bandarini wala maeneo ya jeshi. Mkipita Barabara ya Barack Obama, kando ya Ikulu, mnaweza kuwaona tausi, watazameni kwa macho mkiwa mnatembea.

Watoto wa jirani wanataka kuja nasi. Tuwachukue?

Wachukueni, kama idadi inaruhusu. Mtu mzima mmoja kwa watoto watatu ndiyo kiwango changu, na ufukweni mmoja kwa wawili. Ombeni ruhusa kwa mzazi mwenyewe, si kupitia mtoto, mpewe namba yake ya simu na muulize kama mtoto ana pumu, mzio au dawa yoyote. Nauli yake kubalianeni mapema. Na kile kitu kimoja cha kununua kinamhusu naye pia, kwa hiyo kiingizeni kwenye hesabu kabla hamjatoka.